Phelesia Hajapanda Bado

Simu ya Trizah Adhiambo ililia kabla hajautundika mwavuli wake. Mvua ya masika ilikuwa imeipiga Migori tangu alfajiri, barabara yote ya mjini imekuwa tope, na yeye alikuwa amepanda ngazi za ofisi akitabasamu peke yake, maana mvua hii alikuwa ameingojea mwaka mzima. Tabasamu lenyewe halikufika hata kwenye kiti.

“Madam, huku kwangu kuna vita,” alisema Bonface, mtunza ghala wa ushirika kule Mbita. “Wamama wamejaa hapa na simu zao mkononi. Message inawaambia wakuje wachukue mbegu. Mimi nikiangalia kwa mashine, hakuna mfuko hata moja iko na jina yao.”

“Hakuna vipi, Bonface? Angalia tena.”

“Nimeangalia mpaka macho inauma. Wale wamejiandikisha mtu binafsi, wako. Hawa wa boma, hakuna hata mmoja.” Akashusha sauti. “Na mama mkwe wako ndiye yuko mbele ya laini. Alikuja na kiti yake.”

Trizah akakaa. Mwavuli ulikuwa bado mkononi, unamwagia maji sketi yake, wala hakuuona. Angesikia kwamba ghala limeungua asingeshtuka hivyo. Kiti hicho ndicho kilichomchoma.

Trizah ni binti wa dereva wa lori la miwa la Awendo, amezaliwa na kulelewa Uriri, na katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuona riziki ikitoka kwenye kompyuta. Alisomea kazi hiyo kwa ukaidi tu, watu wakimcheka, hadi akaajiriwa na ushirika wa wakulima unaohudumia Migori na Homa Bay. Kazi yake ni kuutunza mfumo uitwao Msimu. Msimu huangalia utabiri wa hali ya hewa, kisha hutuma ujumbe kwa wanachama: mvua inakuja, njoo ghalani uchukue mfuko wako, panda. Ameolewa Rusinga, kwa Maurice, fundi wa injini za boti, mtoto wa kwanza wa mjane aitwaye Phelesia. Kule nyumbani hakuna anayemwita Trizah. Yeye ni Nyar Uriri, binti wa Uriri. Akiitwa hivyo kwa sauti ya kawaida huitika akicheka. Akiitwa polepole, hujua kuna jambo.

Masika ya mwaka uliopita aliitwa polepole.

Katika boma lile, kama katika maboma mengi ya Wajaluo, mwenye boma ndiye hufungua msimu. Mama akishatia mbegu yake ardhini ndipo watoto na wake zao hufuata, mkubwa kwanza, mdogo mwisho. Hakuna anayehitaji kukumbushwa: kumtangulia mama ni kumhesabu amekufa. Lakini Msimu haukuzaliwa Rusinga. Ulituma ujumbe kwa kufuata nani aliyejiandikisha mapema, na aliyejiandikisha mapema alikuwa Ochieng, kitinda mimba wa Phelesia, kijana anayependa kila kitu kipya. Mkewe Milka, ambaye ndoa yake ilikuwa bado inanukia rangi, aliona ujumbe umetoka kwa ushirika, na ushirika kwake ni shemeji yake Trizah, akadhani mambo yameshazungumzwa. Akapanda. Phelesia alipokuja kuona, mahindi ya Milka yalikuwa yameshatoboa ardhi na shamba lake mwenyewe lilikuwa bado jeusi.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Alikaa chini pale pale, akafunga midomo, akagoma kula. Milka alilia hadi akataka kurudi kwao. Wazee waliitwa, dawa ya manyasi ikatafutwa ili boma litakaswe, na jirani kila mmoja akapata cha kusimulia sokoni. Trizah alipofika mwisho wa wiki, Phelesia alimtazama usoni akamwambia, “Nyar Uriri, mashine yako imenizika nikiwa hai.”

Maneno hayo yalimkaa Trizah kooni mwaka mzima. Na hakuwa peke yake, kwani maboma mengi ya upande wa Homa Bay yalikuwa na kisa kinachofanana na hicho, na wanachama wakaanza kusema watatoka kwenye ushirika. Ndipo Trizah akampigia simu Levis.

Levis ndiye aliyeuandika Msimu tangu mwanzo. Sasa ni mkuu wa mifumo yote, anakaa Homa Bay mjini kwenye ofisi yenye kapeti, na ana tabia ya kupokea simu kwa neno “harakisha”. Ndani ya mfumo wake aliweka majina ya Kiswahili kila mahali, kwa sababu wageni waliofadhili kazi hiyo walipenda kuyaona. Kiini cha mfumo ni klasi aliyoiita Mwanachama, yaani kielelezo cha mkulima yeyote: ana jina, ana simu, ana shamba, na ana mbinu zake, mambo anayoweza kufanyiwa na mfumo. Moja ya mbinu hizo Levis aliiita arifu, na kazi yake, kwa jina lake, ni kumwarifu mkulima.

“Klasi ya Mwanachama usiguse,” Levis alimwambia. “Iko live kila mahali. Ukiigusa, kitu ikiharibika, ni mimi wataita. Andika class yako, irithi kutoka kwa hiyo, u-override arifu. Kwani shida iko wapi?”

Ushauri ulikuwa mzuri, na haki yake apewe. Ndivyo kazi hii inavyofanywa. Unaandika klasi ya mtoto, unasema inarithi kutoka kwa mzazi, na papo hapo mtoto anapata kila mbinu ya mzazi bila wewe kuandika tena hata neno. Mtoto akitaka kufanya jambo moja kwa njia yake, unampa mbinu yenye jina lile lile la mzazi. Kompyuta ikifika hapo inaifuata ya mtoto, na ya mzazi inarukwa. Inarukwa yote.

Trizah aliandika klasi akaiita MwanachamaWaBoma. Aliifanyia kazi kwa upendo ambao hajawahi kuupa msimbo mwingine wowote. Arifu yake ilimtafuta kwanza mwenye boma, ikamtumia ujumbe yeye peke yake, ikanyamaza. Mama akishapanda alitakiwa kujibu neno moja, NIMEPANDA, ndipo ujumbe uende kwa mtoto mkubwa, naye akijibu, kwa anayefuata, hadi kwa kitinda mimba. Alipeleka majaribio nyumbani Rusinga. Ochieng, mtundu yule, akainyakua simu ya mamake akajibu NIMEPANDA kwa niaba yake ili zamu yake ifike upesi, na kila mtu akacheka hadi machozi. Trizah alicheka pia, lakini aliporudi ofisini aliuziba mwanya huo: jibu la mama halitakubaliwa ikiwa hajachukua mfuko wake ghalani. Alijipongeza sana kwa hilo.

Phelesia ndiye aliyefurahi kuliko wote. Alikuwa na kibuyu cha mtama mwekundu alichoachiwa na mama mkwe wake, ambacho kila mwaka hujazwa mbegu mpya, na kila mwaka msimu wa boma hufunguliwa kwa kiganja kimoja kutoka humo. Alikuwa amekitoa ili akipanguse majivu. Trizah akamwambia, kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi ngumu, “Mama, kibuyu wacha kipumzike. Mwaka huu utafungua na mfuko yako mwenyewe, mbegu ya muda mfupi, jina yako ndiyo ya kwanza.” Phelesia akakirudisha kibuyu darini, na Jumapili iliyofuata akawasimulia wanawake wa kanisa, ambao wengi wao wakajiandikisha kama maboma siku ile ile.

Sasa wanawake hao ndio waliokuwa kwenye laini ya Bonface, na yeye mbele yao, juu ya kiti.

Trizah alifungua msimbo wake akausoma. Ulikuwa safi. Akausoma tena kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Safi. Akatengeneza boma la uongo, akalipa mama wa uongo na wana wa uongo, akaiendesha arifu. Ujumbe ulimwendea mama, ukamngoja, ukawaendea wana kwa zamu yao. Kila kitu kilifanya alichokitaka. Hakuna kinachoudhi kama kosa lisilotaka kujionyesha. Angalau kitu kilichovunjika waziwazi unajua pa kukishika. Alimpigia Levis, Levis akakata. Akapiga tena, akapata ujumbe kwamba yuko mkutanoni. Bonface akapiga kusema wanawake wameanza kuimba, na si wimbo wa kusifu.

Hadi saa za chakula alikuwa ameshika tama, chai imepoa mbele yake ikiwa na utando juu. Ndipo, kwa kukosa pengine pa kutazama, akafungua klasi ya Levis, ile asiyotakiwa kuigusa, akaanza kusoma arifu ya mzazi. Ilikuwa ndefu kama hotuba ya mbunge. Inachagua lugha, inaangalia saa, inatuma ujumbe, inahesabu ujumbe uliofika. Alitaka kuacha njiani, kwani jina la mbinu lilisema kuarifu na kuarifu kulikuwa kumeshakwisha. Aliposhuka hadi chini kabisa akaukuta mstari mmoja umekaa peke yake, bila maelezo, bila haya: tengaMbegu.

Akakodoa macho. Mbinu ya kutuma ujumbe ndiyo iliyokuwa ikitenga mifuko ya mbegu ghalani. Ndani ya arifu, mwishoni, Levis alikuwa ameisweka kazi nyingine kubwa kuliko ya kwanza, na hakumwambia mtu. Trizah alipoandika arifu yake mwenyewe, ile ya mzazi ilirukwa yote, na mstari ule ukarukwa nayo. Wanawake wa maboma walialikwa kwenye karamu ambayo sahani zao hazikupakuliwa.

“Nani huweka jiko chumbani halafu anafunga mlango?” Trizah aliuliza ukuta. Mhasibu wa chumba cha pili alichungulia, akaona uso wake, akarudi.

Safari hii Levis alipokea. “Harakisha.”

“Levis, kwa nini tengaMbegu iko ndani ya arifu?”

“Kwani iwe wapi? Ukimwita mtu lazima umwekee mfuko. Si inaenda pamoja?”

“Ningejua aje? Jina inasema arifu! Umeniambia ni-override arifu, hukusema iko na kitu kingine ndani!”

“Trizah, ungesoma. Huwezi override kitu hujasoma mpaka mwisho.”

“Na wewe ungetenganisha. Ungeweka hata maelezo ya maneno matatu.”

“Sasa unanifunza kazi? Hiyo class imefanya kazi miaka yote bila shida. Shida imekuja na hiyo yako ya boma.” Akapumua kwa nguvu. “Sikiza, tusigombane. Weka line moja, useme wamama wote wameshapanda. Messages zitoke zote leo, watu wachukue mbegu kama kawaida. Tutarekebisha baadaye.”

Trizah alidhani hakusikia vizuri. “Niandike mama amepanda, na hajapanda?”

“Ni field tu kwa database, yawa.”

“Ni hiyo field ilileta vita mwaka jana! Mtoto apande, mama bado, halafu mfumo iseme mama alipanda? Levis, wewe si ni mtu wa Homa Bay? Mamako anaweza kukubali hiyo?”

Levis hakujibu kuhusu mamake. Alisema klasi ya Mwanachama haitaguswa, iwe mvua iwe jua, kisha akakata simu. Trizah alibaki amekishika kile kifaa sikioni, na majibu mazuri yote yakimjia sasa ambapo hakuna wa kuyasikia.

Dawa yenyewe ilikuwa mstari mmoja. Kwa kuwa mtoto alikuwa ameirithi tengaMbegu pamoja na mengine yote, ilitosha kuiita mwishoni mwa arifu yake. Aliandika, akajaribu, ikakubali. Aliuendesha upya kwa maboma yote, akampigia Bonface kwa moyo mwepesi kidogo. “Angalia sasa. Majina yameingia?”

“Yameingia, madam. Yote.” Bonface akakohoa. “Lakini mifuko imeisha. Zile hazikuwa na jina, mashine iliniambia nipee wa kwanza kufika, wa boma ikakataa. Watu walikuja na pikipiki kutoka huko juu wakabeba. Nilitoa. Si ndivyo mashine ilisema?”

Ndivyo mashine ilivyosema, na Bonface hakuwa na kosa. Mbegu nyingine zilikuwa Awendo. Trizah aliomba lori, akaahidiwa lori, na lori likakwama barabarani nyuma ya malori ya miwa yaliyozama kwenye tope. Kila asubuhi alipiga simu akiwa na matumaini, na kila asubuhi dereva alimwambia anakaribia kutoka. Mvua nayo ikaanza kusuasua. Udongo wa Rusinga ni mwembamba juu ya mawe. Hunywa upesi na hukauka upesi, na mtu akikosa manyunyu ya mwanzo anapanda mashaka. Trizah alizungumza na dereva, na mkuu wa ghala la Awendo, na afisa mmoja aliyemwambia atulie. Hakuna neno lililomuudhi wiki ile kama hilo la kutulia. Alimlaani Levis akipiga mswaki, akamlaani akila, akamlaani kanisani wakati wa maombi.

Mwishowe akaomba ruhusa, akaenda nyumbani.

Alipovuka daraja la Mbita alikuwa akitazama mashamba ya pande zote, na moyo ulizidi kumshuka. Waliopanda walikuwa wameshapanda. Alipofika kwa Phelesia, shamba lote la boma lilikuwa limelimwa na kulala wazi, mabonge yake yameanza kuwa meupe juu. Ng'ombe wawili wa kukokota plau walikuwa wamefungwa chini ya kivuli wakicheua. Ochieng alikuwa amekaa juu ya plau, na kando yake mfuko wa mbegu.

“Umetoa wapi hiyo?” Trizah aliuliza.

“Nilinunua Mbita, ya duka tu. Shem, wewe acha tu.” Alikuwa amevuta uso, yeye asiyejua kununa. “Mbegu ninayo, ng'ombe nimeazima, mwenyewe anazitaka kesho. Lakini Mama hajapanda bado. Sasa mimi nifanye nini? Mwaka jana si uliona?”

Milka alikuwa mlangoni kwake. Alimsalimia Trizah kwa kichwa tu, akaingia ndani. Huyo hakuwa na haja ya kuambiwa chochote kuhusu kungoja.

Phelesia alikuwa barazani, kwenye kile kile kiti. Alimkaribisha mkaza mwanawe vizuri, akauliza hali ya Migori, akauliza kama Maurice amempigia simu, akamwagizia chai. Adabu hiyo yote ilimwumiza Trizah kuliko matusi. Aliweka kikombe chini kabla hajanywa.

“Mama, makosa imetokea kwa kazi. Mifuko ilienda kwa watu wengine. Lori inakuja, lakini sijui itafika lini. Nimekuja kukwambia mwenyewe.”

“Bonface aliniambia.”

“Lakini Mama, kwa nini hukupanda hata ile mtama ya kibuyu? Kiganja moja tu, ile ya kila mwaka? Hawa watoto wangefuata na mbegu yao.”

Phelesia alimtazama kwa mshangao wa kweli. “Nyar Uriri, si wewe uliniambia kibuyu kipumzike?”

Trizah akakiinua kikombe, akakirudisha chini.

“Nimesimama mbele ya wamama wa kanisa,” Phelesia aliendelea, bila ukali, akikunja na kukunjua kitambaa cha kichwa magotini. “Nikawaambia, mwaka huu ni mke wa mtoto wangu anatufungulia. Wakaandikisha boma zao juu ya maneno yangu. Sasa nitoe kibuyu nipande kivyangu, wao wakingoja? Watasema hata mimi sikukuamini. Nikaona, afadhali ningoje na wao.”

Kumbe ndivyo. Mvua ilikuwa imepita juu ya shamba lake, na yeye mwenye mbegu darini alikuwa ameitazama inavyopita, ili jina la Trizah lisiaibike. Na wanawake wa kanisa wakamtazama yeye, na watoto wao wakawatazama wao, kila boma limenyoosha shingo kwa mwingine. Trizah alihisi machozi yakimchoma macho, na hasira pia, hata hakujua sasa anamkasirikia nani.

“Mama,” alisema, “nakuomba toa kibuyu. Uwapigie wale wengine pia, uwaambie ni mimi nimekuomba. Aibu nibebe mimi.”

Phelesia alikifunga kitambaa kichwani. Kisha akamwita Ochieng akitoe darini, akavua viatu, akaingia shambani na jembe lake dogo. Hakuna aliyemfuata hadi ukingoni. Ndivyo desturi ilivyo. Alichimba, akadondosha mbegu chache, akafukia kwa mguu, akasogea, akachimba tena. Mstari mmoja mfupi, haukufika hata nusu ya shamba. Alipomaliza alikuwa na uso mwingine kabisa. Alirudi barazani, akapiga simu kwa mwanamke mmoja wa kanisa, akamwambia maneno mafupi, akamwagiza awaambie wengine.

“Sasa ya kwako,” alimwambia Trizah. “Nataka tumalize vile ulipanga.” Akaishika simu kwa vidole vyenye udongo, akaandika herufi moja baada ya nyingine, NIMEPANDA, akaituma. Ochieng akaitoa simu yake mfukoni, akaishika mbele yake tayari. Hata Milka alikuwa ametoka mlangoni.

Simu iliyolia ilikuwa ya Phelesia. Aliitazama, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. “Nisomee. Miwani iko ndani.”

Trizah akaichukua. Aliyajua maneno yale kabla hajafika mwisho, maana aliyaandika mwenyewe, siku ile aliyojipongeza, akiziba mwanya wa Ochieng. JIBU LAKO HALIKUBALIKI. HUJACHUKUA MBEGU. MWENYE BOMA HAJAPANDA BADO.

Hakuna Levis hapo. Aliutafuta mkono wa Levis katika maneno yale na haukuwepo. Wiki nzima alikuwa amemlaani mtu kwa kuficha kitu ndani ya mbinu, na humu ndani alikuwa ameficha chake: kwamba hakuna kupanda duniani isipokuwa kwa mfuko wa ushirika.

“Inasema nini?” Phelesia aliuliza.

“Inasema hujapanda, Mama.”

Phelesia aliitazama miguu yake yenye tope hadi vifundoni. “Nani aliifunza hivyo?”

“Ni mimi.”

Ng'ombe mmoja alipiga chafya. Phelesia aliunyoosha mkono, akaichukua simu yake taratibu kutoka kwa Trizah, akaiweka kwenye kiti kifudifudi.

“Ochieng, hao ng'ombe unawaangalia tu?”

“Message haijafika, Mama,” Ochieng alisema, macho bado kwenye simu, na maskini hakuwa akifanya utani.

“Wewe ulizaliwa na message?”

Ochieng akaruka kuelekea kwa ng'ombe. Alikuwa ameshawafungua kamba mamake alipomzuia tena. “Ngoja. Mbio ya nini? Mke wa mkubwa wako bado.” Akageuka. “Nyar Uriri, ni wewe unafuata.” Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi, akamnyooshea kibuyu.

Trizah hakuja na nguo za shamba. Aliingia kwenye kipande cha Maurice akiwa na sketi ya ofisini na viatu vya mjini, kisigino kikazama kwenye bonge la kwanza, akavivua akavitupa ukingoni. Udongo wa juu ulikuwa mgumu, lakini jembe lilipopasua aliona bado kuna unyevu chini, kidogo tu. Akadondosha mbegu. Kule barazani simu ya Phelesia ililia tena juu ya kiti, na Trizah alijua bila kwenda kuitazama kwamba ni ule ujumbe wa kukumbusha, aliouandika kwa upole na kuusahihisha mara nyingi, ukimwambia mama mpendwa mvua imefika na watoto wake wanamngoja. Alifukia shimo kwa mguu akasogea kwenye linalofuata, kwa sababu Ochieng alikuwa ameshawafunga ng'ombe na amesimama pale mpakani, mjeledi mkononi, akimngoja amalize.